Don Persio Belliard na Beseni la Jumamosi

Leo Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, siku moja baada ya sherehe za Uhuru, Don Persio Belliard anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Wafugaji wa La Bayahonda kwa miaka thelathini na saba. Aliajiriwa akiwa fundi pancha na anaondoka akiwa fundi pancha. Katikati hapo waliwahi kumpandisha cheo kuwa msimamizi wa usafiri. Alikikalia kiti kile mwezi mmoja, akakirudisha, akasema kinamuumiza kiuno.

Mimi ninayeandika ni Ercilia Cabreja wa stoo. Kati ya stoo na karakana yake kuna ukuta wa mbao tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu nimeipitisha nikimsikia akigonga nyundo, akiimba vibaya na kugombana na matairi. Kamati ya sherehe iliniomba kurasa chache zenye heshima. Nilipomwambia mwenyewe, alifuta mikono kwenye suruali na kunitazama.

"Ercilia, usinipake sukari," akasema. "Andika na lile la Milquella. Kama huliandiki, usiandike chochote."

Basi nitaliandika. Wote hapa tunalijua, ila wageni wa leo hawalijui: kwa miaka kumi na miwili, mchanjaji wetu wa mifugo Milquella Tatis hakumruhusu Don Persio aguse gurudumu la pikipiki yake. Na tulipomuuliza mzee anataka zawadi gani ya kuagwa, hakutaka saa wala redio. "Saa nitanunua," alisema. "Mimi nataka tairi la Milquella, mara moja tu, kabla sijarudisha ufunguo." Kamati ikaandika "saa" na kuendelea na ajenda.

Don Persio alikuja kwetu Machi 1988 akitokea Guayubín, alikojifunza kazi kwenye kibanda cha mjomba wake kando ya barabara kuu. Alikuja na vyuma viwili vya kung'olea tairi na pistoni kuukuu ya lori. Wakati ule pikipiki zote zilikuwa na magurudumu ya njiti na tyubu, na kiraka kilichomwa kwa moto: unabana tyubu chini ya pistoni, unamimina petroli kidogo kwenye kikombe chake, unawasha, unangoja mpira uive. Karakana ilinuka hivyo asubuhi mpaka jioni. Wageni walifikiri tunaunguza nyumba.

Aliyewahi kuendesha pikipiki upande wetu huu wa Línea, nchi kavu ya vichaka, anajua kwamba adui si mawe bali ni miiba. Mbuzi wetu wanapita kati ya bayahonda na cambrón, miti yetu ya miiba, bila wasiwasi, na wafugaji wanaishi walipo mbuzi, kwa hiyo mchanjaji naye lazima apite humo humo. Mwiba wa cambrón ukikauka unaingia kwenye tairi kama msumari na unakatikia ndani. Kuna majira ya ukame ambapo Don Persio aliziba pancha tangu kahawa ya kwanza hadi giza linapoingia, na kesho yake pikipiki zile zile zikarudi zinachechemea.

Alikuwa na tabia zake. Kila pikipiki ilipotoka getini aliisimamisha, akalowesha kidole mate na kukiweka kwenye mdomo wa valvu. Povu likitokea, hutoki. Mkurugenzi mmoja, mtu wa Santiago aliyependa usafi, alimnunulia chupa ya sabuni ya kupulizia kwa kazi hiyo. Don Persio alimshukuru sana. Sabuni ile alioshea miguu mpaka ikaisha.

Mwaka 2006 zikaja pikipiki zenye rimu nzima na matairi yasiyo na tyubu, na pamoja nazo vizibo: vipande vya utambi wa mpira wenye gundi, tupa ndogo ya duara, na sindano nene ya kusukumia. Pancha ikawa inazibwa porini bila kufungua gurudumu. Don Persio ndiye aliyewafundisha wote, na aliwafundisha kwa kufoka. Usichomoe mwiba kabla hujaandaa kizibo. Angalia mwiba umeingia umelala upande gani, upitishe tupa kwa mlalo huo huo. Sukuma utambi mpaka ibaki mikia miwili nje, chomoa sindano kwa mara moja, kata mikia lakini usikate mpaka kwenye ngozi ya tairi. Na ubavu wa tairi usiguswe. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, na kizibo hakikai hapo.

Quírico, mpimaji wa maziwa, hakuamini. Aliziba ubavu kwa vizibo vitatu pamoja, akaenda zake akipiga mluzi. Vizibo vilitoka akiwa juu ya daraja la mfereji wa mpunga, naye akatumbukia, akatokea upande wa pili maji yakiwa yamemfikia kifuani, ameinua kipima maziwa juu kama padri na kikombe.

"Quírico," Don Persio alimwambia alipoletwa karakana, "nilisema nini?"

"Ubavu usiguswe."

"Na wewe ukasikia nini?"

"Nilisikia, mzee. Nilidhani unatutisha."

Quírico huyo huyo ndiye aliyesikia mahali fulani kwamba wanga wa muhogo ukimiminwa ndani ya tairi huziba pancha zenyewe. Akapika wanga kwa mkewe, akajaza magurudumu yote mawili. Kwa siku chache ulifanya kazi, lazima tukiri. Kisha joto likauchachusha. Don Persio alipofungua valvu, upepo uliotoka mle ulitufukuza sote, stoo na ofisi ya uhasibu pia. Tuliendesha kikao cha asubuhi chini ya jua, barabarani.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, ila nimekatazwa.

Mwaka 2013 uongozi uliagiza dawa ya pancha. Mnaijua: majimaji ya kijani yenye nyuzinyuzi. Unatoa pini ya valvu, unaminya chupa, unarudisha pini, unajaza upepo, unalizungusha gurudumu ili dawa ipake ndani kote. Mwiba ukiingia, upepo unaisukuma dawa kwenye tundu, nyuzi zinashikana, tundu linafunga. Mkurugenzi wa wakati huo alituita sote, akaonyesha kwa msumari na tairi, na kweli likafunga. Akatangaza kwamba Don Persio atajaza magurudumu yote kufikia mwisho wa wiki, na kwamba waendeshaji warudishe vizibo na pampu stoo, kwa sababu havitahitajika tena. Nilivipokea mimi, nikavitundika.

Don Persio aliogopa. Aliniambia baadaye, kwa maneno haya haya. Binti yake Yudelka alikuwa anasomea uuguzi Santiago, na karo yake ilitoka kwenye pancha. "Kama chupa inaziba tundu, mimi ni wa nini?" Basi akafanya jambo ambalo ni fundi pancha tu angelifikiria. Alijua sipokei hesabu ya stoo bila chupa tupu, kwa hiyo alimimina dawa yote kwenye ndoo ya rangi, akaniletea chupa tupu zimepangwa vizuri, na ndoo akaifunika nyuma ya kompresa. Magurudumu akayaacha na upepo mtupu. Hesabu yake ilikuwa kwamba pancha zitaendelea, watu watasema dawa haifai, na maboksi ya dawa yataacha kuja. Majuma yale ratiba ilikuwa ya vijiji vya karibu tu. Mtu akikwama, atasukuma pikipiki kidogo, basi.

Hakujua kwamba kideri, ugonjwa unaoua kuku, kilikuwa kimeingia kijiji cha mbali cha Los Cambrones.

Milquella alikuwa bado mgeni kazini, na Los Cambrones ni kwao. Alipewa boksi la baridi lenye chanjo ya kuku, ile ya matone ya jicho, akaondoka asubuhi. Baada ya mto mkavu, katikati ya vichaka, mwiba uliingia tairi la nyuma. Hakuwa na hofu. Alifanya alivyofundishwa: aliendelea kuendesha polepole akizunguka kwenye mchanga, ili dawa ifike kwenye tundu. "Nilizunguka pale kama kichaa," alinisimulia, "naiambia, haya dawa, ziba basi, ziba." Upepo ukaisha wote. Vizibo vilikuwa stoo kwangu, na pampu pia. Akasukuma.

Alifika alasiri, barafu imekuwa maji. Chanjo iliyopata joto si chanjo, na wale akina mama walikuwa wamepanga foleni na kuku wao mikononi. Walimsihi aitoe hivyo hivyo, huenda itasaidia. Alikataa. Alikaa kwenye kizingiti cha mama yake, Doña Fermina, akalia. Ulipopatikana mzigo mwingine, ugonjwa ulikuwa umeshamaliza kuku. Los Cambrones hakukubaki jogoo wa kuwika, na Doña Fermina, ambaye mayai ndiyo yaliyokuwa yanamlisha, alifagia banda lake na kulifunga.

Watu wa kijiji hawakumlaumu mkurugenzi. Walimlaumu Milquella. "Mtoto wetu wenyewe," walisema, "katuletea maji ya moto." Na huku ofisini walisema dawa haiwezi kushindwa na mwiba, kwa hiyo msichana lazima alipita kwenye mawe kwa kasi akalikata tairi. Alisimamishwa kazi akingoja kikao.

Wiki nzima gurudumu lake lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa karakana. Don Persio alilipita kila asubuhi. Alikuja kunywa kahawa kwetu, akasikia watu wakimwita Milquella mzembe, akamaliza kahawa yake na kurudi kazini.

Siku ya kikao aliingia bila kuitwa, gurudumu begani, akalilaza juu ya meza ya mkutano, juu ya karatasi za mkurugenzi. Akalibandua tairi palepale mbele yetu. Ndani palikuwa pakavu, vumbi tupu.

"Dawa iko kwenye ndoo ya rangi, nyuma ya kompresa," akasema. "Magurudumu yote yako hivi. Binti hana kosa. Niliogopa kupoteza kazi, ndiyo sababu. Sasa nifukuzeni."

Hawakumfukuza. Alipewa onyo na kukatwa mshahara, na Milquella akarudishiwa kazi. Lakini Milquella aliposimama kuchukua ufunguo wake hakumtazama mkurugenzi. Alimtazama yeye.

"La tairi ningekusamehe leo hii, Don Persio. Mtu anaogopa njaa, naelewa. Lakini wiki nzima? Wiki nzima unasikia wananiita mzembe, na wewe unakoroga sukari?"

Tangu siku ile Milquella alipeleka matairi yake kwa fundi wa njia panda ya Villa Vásquez, kwa pesa yake mwenyewe, na hakuwahi kulalamikia gharama.

Sasa niseme mtu huyu alifanya nini baada ya hapo, maana ndilo linalonifanya niandike kwa moyo. Kwanza alifuga vifaranga uani kwake, ingawa mkewe Casimira hapendi kuku, na walipokua akawapeleka Los Cambrones nyumba kwa nyumba. Wengine walimfungia mlango. Doña Fermina alipokea wake wanne, akamkalisha, akampa kahawa. "Umechelewa," alimwambia, "ila umekuja." Milquella alipopata habari hiyo alikaa mwezi mzima akiongea na mama yake kwa mkato.

Pili, aliisoma dawa ile mpaka akaijua kuliko waliotuuzia. Alifunga kipande cha kioo kwenye tairi kuukuu ili aione inavyofanya kazi. Alitoboa kwa miiba, misumari, skrubu. Akagundua jambo ambalo boksi halikulisema wazi: dawa inaziba vizuri kiasi kwamba mwenye pikipiki hajui ana pancha. Msumari unabaki ndani. Upepo haupungui, au unapungua kidogo tu, na kila mzunguko msumari unapanua tundu lake. Siku moja, uko kwenye lami, una mzigo na una haraka, tundu linakuwa kubwa kuliko dawa. Tena dawa yenyewe inakauka baada ya mwaka, inabaki utando, na mtu anaendelea kuitegemea.

Hapo ndipo lilipozaliwa beseni la Jumamosi. Kila pikipiki ya ushirika, iwe na pancha au isiwe nayo, Jumamosi inakuja karakana, gurudumu linatolewa na kuzamishwa kwenye beseni la maji, linazungushwa taratibu, macho kwenye maji. Palipo na povu, au palipo na alama ya kijani imevuja, tairi linafunguliwa, mwiba unatafutwa kwa koleo, na kiraka kinabandikwa kwa ndani, kazi ya kudumu. Vizibo na pampu alivirudisha kwenye kila pikipiki na kuvifunga chini ya kiti kwa mkono wake. Kanuni yake aliiandika ukutani kwa rangi nyeupe: "Dawa ni ya tundu dogo. Kizibo ni cha tundu kubwa. Ubavuni, piga simu."

Mwanzoni walilalamika, hasa Quírico.

"Mzee, Jumamosi nina mechi. Tairi langu zima kabisa!"

"Ndiyo maana nataka kuliona."

"Halina hata mkwaruzo!"

"Basi utaondoka mapema. Leta."

Siku hiyo alitoa kwenye tairi hilo zima skrubu ya bawaba ya mlango, urefu wa kidole cha kati. Quírico aliigeuza mkononi mwake mara nyingi. Jana yake alikuwa amempakia mwanawe mdogo kwenda Montecristi. Alikaa chini kwenye gogo na hakuzungumzia mechi tena, na tangu hapo ndiye anayefika wa kwanza na ndiye anayewagombeza wanaochelewa.

Tangu beseni lianze, hakuna boksi la chanjo la ushirika huu lililopata joto kwa sababu ya tairi. Ni sentensi fupi, lakini waulizeni wafugaji ina maana gani kwao. Majirani zetu wa ushirika wa ndizi walikuja kuona, wakanywa kahawa yetu yote, na sasa nao wana beseni.

Pikipiki ya Milquella haikuwahi kuja. Jumamosi aliiegesha getini, kwenye kivuli cha ofisi, akaingia kuandika ripoti yake. Don Persio alikuwa akiitazama kutoka mbali huku mikono ikiwa majini. Na kwa kuwa hawakusemezana zaidi ya salamu, mimi ndiye niliyekuwa simu yao.

"Ercilia, mwambie Milquella tairi lake la mbele limekwisha kashata, halina meno."

Naenda. "Milquella, mzee anasema la mbele limekwisha kashata."

"Mwambie nina macho."

Narudi. "Anasema ana macho."

"Vizuri. Mwambie basi na mvua ina macho."

Hilo nilikataa kulipeleka. Lakini niliona kwamba wiki hiyo hiyo tairi la mbele lilibadilishwa, na kila mara mzee aliposema la nyuma limelegea upepo, kesho yake lilikuwa limejaa. Nilimwambia mzee. Alisema, "Ana akili yule," akageukia kazi yake, na sikio lake lilikuwa jekundu.

Niongeze machache ambayo kamati imeniagiza. Don Persio amefundisha mafundi wanane, na wa mwisho, Yoel Grullón wa Dajabón, ndiye anayeshika karakana kuanzia Jumatatu. Yudelka ni muuguzi hospitalini Mao tangu zamani. Kwa dhumna Don Persio ni mchezaji mbaya na mshindwa mbaya zaidi, hilo jirani zake wote watathibitisha. Nyama yake ya mbuzi kwa oregano na moro wake, wali uliochanganywa na mbaazi, ambavyo hupika mwenyewe kila sikukuu ya ushirika, havina mpinzani, ingawa Casimira anasema yeye ndiye anayeweka chumvi.

Sasa Jumamosi iliyopita, beseni lake la mwisho.

Pikipiki zilikuwa zimepangwa mpaka nje. Yoel alikuwa anatoa magurudumu, mzee anazamisha, mimi nimeitwa kushika upande wa pili wa ekseli kwa sababu kiuno chake sasa kinamuuma bila hata kukalia kiti. Quírico ndiye aliyeona kwanza. Alinyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo kwake halitokei, na sisi tukageuka.

Milquella alikuwa anakuja kutoka getini, anasukuma pikipiki. Tairi la nyuma lilikuwa limelala kabisa. Alipita mbele ya wote waliokuwa kwenye foleni na hakuna aliyemwambia apange mstari. Akasimama mbele ya beseni.

"Don Persio, limelala."

"Umekanyaga nini?"

"Nitajuaje? Wewe ndiye fundi."

Mzee alifuta mikono, ambayo haikuwa inahitaji kufutwa. Alimzuia Yoel, akalitoa gurudumu mwenyewe, akalijaza upepo, tukalizamisha. Alilizungusha polepole kuliko nilivyowahi kumwona akizungusha. Macho yangu yalikuwa kwenye maji kama yake. Tulimaliza mzunguko, hakuna povu. Tukageuza, tukaanza tena, hakuna povu. Akabonyeza kashata kwa gumba, akapinda ubavu, akashusha valvu ndani ya maji na kusubiri. Maji yalitulia tuli. Tairi lilikuwa zima, halina hata tundu la sindano. Upepo ule haukutoka wenyewe.

Nikamtazama Milquella. Alikuwa anatazama paa.

Don Persio aliliinua gurudumu, akalipangusa kwa kitambaa. Akatoa pini ya valvu, akaiangalia kwenye mwanga, akaitupa kwenye kopo na kuchukua mpya.

"Ni pini," akasema. "Ilikuwa imechoka."

"Nilidhani hivyo," akasema Milquella.

"Ingekulaza njiani."

"Ndiyo maana nimeileta."

Hakuna aliyecheka, hata Quírico. Mzee akachukua chupa mpya ya dawa na kumpa Milquella, mkono umenyooka.

"Shika. Mimina mwenyewe, uone imeingia."

Milquella aliitazama chupa ile. Sisi wote tulikuwa tunaitazama. Kisha akairudisha kifuani kwa mzee kwa kiganja chake, akaacha kiganja pale kidogo.

"Mimina wewe, Don Persio," akasema. "Mimi nakwenda kunywa kahawa."

Akatugeuzia mgongo, akaenda ofisini, na hakuangalia nyuma.

Don Persio alimimina. Nilimshikia mdomo wa chupa, na dawa nyingine ilinimwagikia kwenye gauni ambalo halijatakata mpaka leo. Alimimina chupa nzima, akaiminya hadi tone la mwisho. Akajaza upepo, akalizungusha gurudumu hewani muda mrefu kuliko inavyotakiwa, kisha akalirudisha kwenye pikipiki na kukaza nati yeye mwenyewe. Baadaye alikwenda nyuma ya kompresa akakaa huko peke yake, na Yoel akaendelea na foleni.

Kurasa hizi nilimpa Milquella azisome kabla hazijachapwa. Nilimwonyesha pale niliposema upepo haukutoka wenyewe, nikamuuliza kama nifute. Alisoma, akanirudishia. "Acha," akasema. "Ajue kwamba najua anajua." Kisha akapakia boksi lake la baridi na kuondoka kwenda Los Cambrones.

Don Persio, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa La Bayahonda, wafugaji, na kuku ambao hawawezi kusema wenyewe, asante. Asante kwa kila safari ambayo hatukuikumbuka kwa sababu hakuna kilichotokea. Saa umepata, usiitazame sana. Lala mpaka jua litoke, mwache Casimira aweke chumvi, na ukishindwa dhumna usivunje meza. Tunakuombea afya, amani na miaka mingi nyumbani pamoja na wanaokupenda. Nasi tumo.